Wendell Bado Yumo Kwenye Hesabu

Wewe binti uliyeandika barua hii, futa kamasi! Nimesoma barua za wajane wasiolia kama wewe, na wewe umeshinda. Wasomaji, isomeni nanyi mshangae. Majina yote nimeyabadilisha, asije akafukuzwa kabla sijamaliza kumgombeza.

*

Bibi Odessa, nakuandikia nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini maana mezani kwangu siwezi kulia, nimechanganyikiwa, nisaidie. Mimi ni karani wa mishahara katika timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Kansas City, mwaka wa kumi na moja huu, na kila mwezi wa sita, kabla soko la wachezaji walio huru halijafunguliwa, tunakadiria nafasi ya fedha iliyobaki chini ya kikomo cha mishahara ambacho ligi hairuhusu timu kukivuka, na mwaka huu mji mzima unamtaka Lucius Braddock, yule mrefu wa futi saba, na inajulikana hakubali chini ya dola milioni ishirini na nne. Alhamisi kwenye kikao bosi wangu, Bwana Haskell, akasema tuna ishirini na tatu tu, basi, Braddock tumemkosa, watu wakaanza kufunga kompyuta, nami nikasema, "Bosi, Wendell Crouse bado yumo."

"Wendell yupi? Yule muuza mbavu za kuchoma?"

"Huyohuyo."

"Renata, Wendell ana kitambi cha kuwekea sahani! Ameacha kucheza miaka mitano. Atatuzuiaje?"

"Kitambi hakimo kwenye hesabu, bosi. Jina limo."

Wakacheka mpaka wakapiga meza, lakini ni kweli Bibi, mchezaji wetu mkataba wake ukiisha kiti chake kinahesabiwa kana kwamba atarudi, mpaka timu iandike barua ya kumwachia, na Wendell hakuna aliyemwandikia, wote walisoma jumla hawakusoma majina, kwa hiyo ameshikilia milioni mbili na laki tatu, nikatoa milioni moja na laki moja ambayo ligi inahesabu kwa kiti kitupu, ikabaki milioni moja na laki mbili, jumlisha na ishirini na tatu, Braddock anaingia na chenji inabaki! Nikapiga simu ligi, wakasema nimepatia, chumba kizima kikasimama, wakaninyanyua juujuu, sijabebwa hivyo tangu harusi yangu.

Halafu Bwana Haskell akanivuta koridoni. "Renata, dada yangu, Jumatatu mbele ya mwenye timu nitaeleza mimi. Wewe utatetemeka. Wewe lete nakala na kahawa." Nami nikasema sawa, Bibi, nikasema sawa! Na Jumatatu hiyohiyo mwenye timu anamchagua mkuu mpya wa hesabu, kazi niliyoiomba mara mbili nikanyimwa, na Haskell anamtakia mpwa wake, ambaye kikao kizima alikuwa amelala, na nikimpinga naogopa atanifukuza, na bima ya kazini ndiyo inayolipia vyuma vya meno vya binti yangu, nifanye nini?

Renata

*

Renata, ulisema sawa? Mdomo uliomjibu bosi mbele ya watu, koridoni ulikwenda wapi?

Mimi shule niliachia darasa la sita, nikauza soseji mlangoni pa uwanja wa timu yenu miaka ishirini na sita, lakini hesabu yako nimeielewa mara moja. Kanisani kwetu Dada Earline aliweka mkoba benchi la pili kumshikia nafasi jirani yake aliyehamia Atlanta. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, Pasaka wageni wanasimama ukutani, mkoba umekaa! Wachungaji wawili waliupita. Niliunyanyua mimi, nikampakatisha Earline, nikamwambia, "Mwenzio ana kanisa lingine huko, mpishe huyu mama mjamzito." Mpaka leo kila mtu anajua nani alilisafisha benchi lile, na hakuna mchungaji aliyethubutu kusema ni yeye.

Woga wa meno ya mtoto naujua, nimelea wanne peke yangu. Lakini akikufukuza, mwakani nani atasoma majina? Huyo mpwa aliyelala? Chumba kizima kilikusikia, na ligi walipokea simu yako wewe. Haskell anakuhitaji, ndiyo maana amekuita dada yake. Miaka kumi na moja alikuwa hajui kama wewe ni ndugu yake?

Sasa sikiliza. Leo hii chapa hesabu yako, andika jina lako juu na tarehe ya Alhamisi, nakala moja mpe katibu wa mwenye timu mkononi. Kisha mwambie Haskell usoni, bila kupaza sauti, "Nimebadili mawazo, nitaeleza mwenyewe." Usiongeze neno. Ukiongeza utaishia kuomba msamaha, nakuona. Mpigie na Wendell simu, ajue barua ya kumwachia inakuja, asije akasikia mtaani. Mbavu zake zimezidi chumvi, lakini siku Braddock akisaini mji huu utazila mpaka mifupa, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kutetemeka, tetemeka tu. Karatasi ishike kwa mikono miwili.

Jumatatu usibebe kahawa, wana mikono, wajimiminie. Kaa kiti cha mbele, na mwenye timu akiuliza nani ameipata nafasi hii ya Braddock, simama.