Mlenda wa Ukweni

Mume mwenzangu Eliya,

Shikamoo yako imefika huku Kinyangiri, nami naijibu marahaba. Bibi yako mzima, ila goti. Mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Unasema huko chuoni mmeambizana kwamba mababu walikula nyama tupu, nawe umeacha ugali. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hao mababu nilikula nao.

Nilipokwenda kumposa bibi yako, nilikuta zizi la baba yake limejaa ng'ombe, nikajua leo ni nyama. Ukaletwa ugali wa uwele na mlenda. Nikaropoka, "Baba, nyama inakuja?"

Mzee akaacha kutafuna. "Kwani kuna ng'ombe aliyekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi nimchinje mzima kwa sababu umefika wewe? Wajukuu zangu watakunywa maziwa ya ngozi?"

Nikaona mke ananiponyoka. Nikaula ule mlenda mpaka bakuli likang'aa, nikaomba mwingine. Mzee akacheka, posa ikapokelewa. Nyama tuliila siku ya harusi, na baadaye ng'ombe alipovunjika mguu.

Wewe kula nyama yako, bwana. Ila usiseme umetumwa na mababu.

Babu yako