Kesho Buluu na Wekundu, Baada ya Isha

Kisauni, Jumamosi alasiri

Somo yangu Mwanahamisi,

Salamu zikufikie huko mbele ya haki ulikotangulia, na Mola azidi kukupanulia kaburi lako. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayonisumbua mvua ikinyesha. Nimeketi sebuleni kwangu, na kofia niliyokuwa nikishona nimeiweka kando kwa sababu sindano imeshanichoma. Akili haiko kwenye kofia. Kesho baada ya isha wako na wangu wanakutana, nikaona si uungwana mechi kama hii ikupite kimya.

Ndiyo, Buluu na Wekundu. Timu zile zile za Marekani tulizogombana kwa ajili yao tangu nywele zetu nyeusi. Atakayeshinda anakwenda fainali, atakayeshindwa anarudi kwao kukunja jezi. Na ngoja nikwambie la kukurusha kitini: safari hii si kanda ya video. Ndugu yako Athumani ameacha kazi ya meli, akamleta fundi kutoka Mkomani, na fundi amesimamisha dishi juu ya paa la nyumba yenu, kubwa kushinda sinia la harusi. Majirani wanasema Athumani anazungumza na majini. Mechi tutaiona saa ile ile inapochezwa! Kila mechi tuliyoitazama mimi na wewe ilikuwa imekwisha zamani, wachezaji wameshaoga, wameshakula, wengine pengine wameshaacha mpira. Athumani alikuwa akijua nani ameshinda, nasi tukimkataza kufungua kinywa mpaka kanda ifike mwisho. Kesho hata yeye hajui. Anajua Mungu peke yake.

Unaikumbuka kanda ya kwanza? Athumani alishuka melini na televisheni, na deki ya Dubai inayosoma kanda za kila nchi, na kanda moja aliyopewa na baharia mwenzake. Akatuambia ni mpira. Tukatandika mkeka, tukateleka kahawa, tukaungoja huo mpira. Yakatokea majitu yamevaa makofia magumu na mabega yamejazwa kama mito, yakaanza kurukiana. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama kokwa ya tende. Mimi nilitaka kuzima nikapike. Wewe ukanishika mkono, "Hebu ngoja, Somo. Hawa wagombea ardhi."

Na wallahi ulikuwa umeona. Hawa wanasukuma, wale wanazuia, na ikitokea shaka, watu wanaingia na mnyororo wao kupima. Ulicheka mpaka ukalala chali. Ukasema watu wa Kisauni wazeeka wakingoja mpimaji, na hawa wapimiwa papo hapo, mbele ya mashahidi.

Halafu ile duara yao. Kila mara kabla ya kuanza upya wanakusanyika, wanainama, vichwa pamoja. Sisi tukajua ni dua. Tuliwasifu kweli kweli, hata ukamwambia mwalimu wa chuo cha Kurani kwamba Wamarekani ni watu wa kumcha Mungu, hawapigi hatua bila kuomba. Athumani alipotueleza kwamba wanapangana tu nani akimbilie wapi, ulimwambia amekaa baharini mpaka imani imemtoka. Mimi mpaka leo nikiwaona wameinama naitikia amini. Wangu tu, lakini.

Nilichagua Wekundu kwa sababu Athumani alisema mji wao uko ufukweni, nikasema hao ndugu zangu. Wewe, mtoto wa Mvita, mwenye nyanya aliyekuwa akiona kuvuka kwenda Mariakani ni safari ya kuagana, ukachagua watu wa bara wanaolala na theluji! Kisa rangi. Ukasema buluu inakupendeza. Na kweli ilikuwa ikikupendeza, sikupata kukwambia.

Mama zetu waliumbuana kwa nyimbo kila mmoja na chama chake cha lelemama, sisi tukaumbuana kwa leso. Kanda ikija, kila mtu amejitanda rangi ya timu yake, na maneno ya leso ameyachagua yamchome mwenzake. Mwaka ule nilikuja kwako na "Mtasema mchana usiku mtalala". Wako wakafungwa, tena vibaya. Asubuhi nimesimama dukani nangoja sukari, ukapita mbele yangu, shingo ndefu, macho mbele kama hunijui, umejifunga "Japo sipati tamaa sikati". Nilicheka mpaka nikarudi nyumbani bila sukari.

Basi chukua habari za kesho. Athumani hatoki kwenye redio yake, anaokota kila neno. Mechi inachezwa kwenu Buluu, uwanja hauna paa, na theluji inatazamiwa. Hilo linanitia wasiwasi, maana wangu ni watoto wa joto, vidole vitakakamaa na mpira utateleza. Mrushaji wangu ni yule yule wa zamani. Ni mtu mzima sasa, goti lina bandeji na mbio zimemwisha, lakini jicho lake halijazeeka. Anaweza kumwona mwenzake katikati ya msukosuko kama mimi ninavyokuona wewe katika harusi ya watu elfu. Nyinyi mmepata mkimbiaji mpya, mfupi, mpana kama mtungi. Akishikwa huku anachomokea kule. Athumani asema huyo ndiye atakayetutoa jasho kwenye baridi. Mimi nasema akutane kwanza na ukuta wangu, wale wanne wa mbele, ijapokuwa mmoja bega limemtoka wiki iliyopita na haijulikani kama atacheza.

Na wenu mna tabia yenu ile ile. Mnaanza kwa kishindo, mapumziko mnaongoza, kisha mnaingiwa na usingizi. Usinibishie, tumeyaona pamoja. Nikimuuliza Athumani nani atashinda ananijibu, "Nusu kwa nusu, Bi Mwanahamisi." Mwongo mkubwa. Moyo wake wote uko kwenu.

Sasa nikwambie la moyoni, maana mechi nimeitanguliza kwa woga.

Tangu ulipotutoka baada ya Mfungo Sita, Maulidi yamekwisha somwa, binti yako Maimuna alibadilika. Siku ya hitima alichukua kitambaa cha meza akaifunika televisheni, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Kitambaa kiliondoka siku ya dishi, lakini yeye alibaki vile vile. Taarifa ya habari atatazama, michezo ya kuigiza atatazama, ukitokea mpira ule anainuka kimya anakwenda uani. Na mimi ndiye niliyeumia zaidi. Nikija ananiamkia shikamoo, ananiletea kahawa, ananiuliza hali ya miguu, kisha anaketi mkao wa mgeni. Yule yule aliyekuwa akinivuta leso nikipiga kelele! Nilielewa. Mimi nikiingia peke yangu mlangoni, anaona kwamba wewe hukuingia.

Unajua sikujaaliwa mtoto, Somo. Maimuna ndiye niliyemwogesha, niliyemsuka, niliyemfundisha sindano akanishinda. Nilianza kuogopa kwamba ule mwaka uliokuchukua wewe utamchukua na yeye, nibaki mtu wa kuamkiwa tu. Wallahi niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa maradhi yangu yote.

Habari ya mechi ilipofika, Athumani kwa huruma yake akaniambia, "Mara hii vaa buluu, iwe heshima kwa marehemu." Nikaona asema kweli. Nikenda Kongowea, nikashika leso ya buluu, nzuri, nikaibandika kifuani. Papo hapo nikakusikia, "Somo, hayo mato yako yamengia mtanga?" Nikapangusa macho kama kweli yameingia mchanga, nikamrudishia mwenye duka. Heshima gani hiyo ya kuhamia kwako wakati huwezi tena kunifukuza?

Nikajua ninalokosa. Wekundu nilikuwa nao. Nilichokosa ni mtu wa kuwachukia Wekundu.

Basi Alhamisi nikenda kwenu. Maimuna akaniamkia, akaniletea kahawa, akaniuliza miguu. Nikaiweka kahawa chini bila kuionja. Nikamwambia mrushaji wa Buluu hawezi hata kumrushia tumbili ndizi. Nikamwambia mkimbiaji wao ni mtungi, na mtungi ukianguka mara moja hauokotwi. Akanitazama. Na mimi nikaendelea, ulimi umeshateleza kilimani, nikasema, "Timu yenyewe imefiwa na mwenyewe, ya nini kucheza? Na izikwe."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilirudi nyumbani buibui nimelivuta usoni ili watu wasinione. Usiku ule nilikuomba radhi, sijui kama ulisikia. Nilisema, mzee mimi, nimekwenda kwa yatima kumtonesha kidonda kwa ajili ya mpira wa watu nisiowajua.

Jana baada ya swala ya Ijumaa mlango wangu ukagongwa. Maimuna. Hakuniamkia! Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, mtoto yule ameingia kwangu bila shikamoo. Alikuwa amejitanda leso ya buluu, mpya, ina harufu ya dukani bado. Zako ziko sandukuni, hakuzigusa, hii ameinunua mwenyewe kwa kuchagua. Akasimama katikati ya sebule, akanigeuzia mgongo ili nisome vizuri: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake."

Akahakikisha nimemaliza kusoma, akatoka. Amefika kichochoroni ndipo akapaza sauti, mtaa mzima usikie, "Kesho kutwa, Mamkubwa, uje na kitambaa cha machozi!" Sauti ilikuwa ikimtetemeka. Lakini aliisema yote, mpaka mwisho, na mkono kiunoni.

Nilishika ukingo wa mlango nikalia, Somo. Kisha nikacheka. Kisha nikenda jikoni kuchambua njugu.

Tangu jana natembea mwepesi. Asubuhi nimekwenda na kurudi sokoni bila kupumzika njiani. Nimekwisha pika kashata za njugu za kupeleka, kwa sababu ugomvi bila cha kutafuna si ugomvi. Athumani ameleta habari kwamba yule wangu wa bega huenda akacheza. Nimemwambia asimwambie Maimuna, atakwenda kununua leso nyingine.

Nakuombea usiku na mchana, na Mola akukutanishe na wema waliokutangulia. Sina zawadi ya kukupelekea ila ahadi moja, na hii uishike. Kesho sitamwonea huruma mwanao. Wako wakianguka, nitapiga vigelegele masikioni mwake mpaka majirani waje kuuliza nani kaolewa. Wako wakishinda nitanuna, nitamjibu mkato, nitapita mbele ya mlango wake bila kugeuka, mpaka yeye mwenyewe aje anibembeleze. Sitamfanya yatima hata kwa dakika moja. Nitamtesa kama nilivyokutesa wewe, kwa sababu nampenda hivyo hivyo.

Kwaheri, Somo. Lala kwa amani, mtoto ana mtu wa kugombana naye.

Ni mimi,
Mwanahamisi mwenzio