Risasi ya Njano Kwenye Mtutu

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza kwa mkosi. Sijaweka hata mkoba chini, Mzee Taratibu huyo mlangoni pa stoo yangu ya silaha. Ni mlinzi wetu wa godauni la mbao. Jina tumempa kwa mwendo wake. Kabeba shotigani, mdomo wa mtutu chini. Anasema alfajiri alitia risasi, kufungua tena akaona tupu. Akadhani imeanguka. Mwingine angetia ya pili! Yeye akachungulia mtutu kwa nyuma kutafuta mwanga. Giza.

Dereva wa kampuni yetu ya ulinzi eti leteni nondo, tugonge itoke. Nikamfokea! Ukiigonga risasi kwenye kitako chake inalipuka. Tumeilaza bunduki, mdomo ukielekea kwenye boksi la mchanga, nimefunga mlango. Fundi wa bunduki anakuja kesho.

Jumanne, 5 Machi

Fundi kawatoa wote nje, nimebaki mimi mlangoni. Kautenganisha mtutu, kautia mafuta, kisha kakaa nusu saa ananisimulia meno ya bandia ya mkwewe. Mimi roho juu! Halafu fimbo laini ya mti, kwa mbele, mwenyewe kasimama ubavuni, anasukuma kidogo kidogo. Hakuna nyundo. Ikateleza, ikadondoka mchangani.

Ya njano! Za shotigani hii ni nyekundu.

Fundi kashangaa. Hii nyembamba, ya bunduki ndogo, imeingiaje humu? Inateleza mpaka inakwama mbele. Ukitia nyekundu nyuma yake ukafyatua, mtutu unakupasukia mikononi.

Bosi kasema huo ni uzembe wa mzee, akae nyumbani mpaka kikao cha Ijumaa. Mzee hakubisha. Kaniambia tu, haya mama, kazi njema. Miaka kumi na tisa kazini.

Nimenyamaza. Bunduki ndogo tuliirudisha mwezi jana, zikabaki risasi zake kumi. Kopo lake lilipoteza kifuniko. Nani alizimimina kwenye kopo la nyekundu, akaweka karatasi katikati? Mimi. Nani aliitupa karatasi siku ya usafi? Mimi. Aibu yangu!

Jumatano, 6 Machi

Kopo nimelifungia kabatini. Sijaligusa. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejikaza, nimelimwaga mezani. Njano nane. Nimehesabu mara tatu. Nane, na ile ya fundi, tisa.

Moja iko nje.

Risasi za wiki nzima huwa natoa Jumapili. Daftari linasema waliochukua ni wawili tu: Mzee Taratibu na kaka yangu, mlinzi wa geti la kiwanda cha vigae. Kazi hii nilimtafutia mwenyewe.

Nimeingia kwa bosi bila hodi. Nimesema yote — mzee hana kosa, ni mimi. Kainuka kitini. Kisha kamwita dereva, gari likaondoka mbio kuelekea kiwandani saa tatu. Mimi nikae kwenye simu, nisisogee.

Kaka hapokei. Mara sita sasa. Naandika huku nikisubiri.

Kaka achungulie mtutu? Thubutu! Jumapili hiyohiyo, mzee alipotoka tu, alimwigiza anavyokunja jicho kutafuta mwanga. Akamwita mwoga. Nilicheka mpaka machozi.

Saa tatu na nusu. Simu inaita. Namba ni ya ofisi ya kiwanda, si ya kaka —