Beringi ya Patasi

Karakana ya Baba,
Nyuma ya kiwanda cha unga.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka yangu Patasi,

Shikamoo. Kabla ya yote, kile kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mama hajambo, ila magoti. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo sina.

Ni Baba, kaka. Safari hii usiniambie ni uzee tu.

Unakumbuka alivyotufunza kutunza beringi za mashine ya kuranda, zile pete za chuma zinazoizungusha: zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, tia grisi kidogo, maana beringi hufa kwa njaa na hufa kwa kuvimbiwa. Sasa mwenye somo ndiye anayezivimbisha. Anapaka, ananawa mikono, anasahau, anarudi kupaka tena. Jumatano mashine ilichemka mpaka ikatoa moshi, grisi ikarukia mota, na mteja akabeba mbao zake akaenda zake. Baba akauliza ni mjinga gani aliyeijaza hivi. Nikasema ni mimi. Akanigombeza kama zamani, na nilifurahi, kaka, nilifurahi kweli kuisikia sauti ile.

Kopo la grisi nimelificha chini ya kitanda changu. Akatumia mafuta ya nywele ya Mama. Cheka, hata sisi tulicheka. Mashine ilinukia kuliko mimi. Lakini juzi aliiwasha ikiwa wazi, vidole vyake vimo ndani karibu na kisu. Nilikimbilia waya nikauchomoa. Tangu hapo karakana naifunga kwa kufuli, naye anasimama nje akiusukuma mlango. Kazi imesimama. Mshika mawili moja humponyoka, lakini mimi yananiponyoka yote mawili.

Jirani yetu fundi umeme alinishauri niuze mashine. Nilimjibu kwa ukali, si bure mnaniita Msasa. Alipoondoka nikakaa chini nikalia.

Ile mashine yako ndogo ya kupigia msasa, uliyoiacha ikipiga kelele, Baba aliifungua akatoa beringi. Akaiosha ikang'aa, kisha akasahau kuipaka. Mashine zote zinaogelea kwenye grisi, hiyo pekee ni kavu. Anatembea nayo mfukoni, anaizungusha kwa kidole karibu na sikio, inakwaruza kutwa nzima. Ukimuuliza anasema, "Hii ya Patasi. Ikiacha kulia, ujue amefika."

Njoo, kaka. Sikuombi pesa wala vipuri. Njoo angali anakujua, maana mimi jana alinikaribisha vizuri sana, akaniuliza nimeleta mbao za kutengenezea nini.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, na Mama hamalizi sala bila kukutaja. Mungu akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Hapa mezani ninapoandikia pana kichupa cha mafuta ya cherehani. Baba amesinzia kitini, beringi iko kiganjani mwake. Tone moja tu lingeinyamazisha, masikio yetu yakapumzika. Nimekishika kichupa mara nyingi leo, na kila mara nakirudisha. Akiamka akaizungusha isilie, ataenda kusimama mlangoni kukupokea.

Mdogo wako akupendaye,
Msasa