Gari lisichomekwe

Thuỳ,

Wali umo kwenye sufuria, samaki nimemfunika. Gari la umeme lisichomekwe kuchaji mpaka nirudi.

Uliniambia nisubiri jua lipande, maana alfajiri mabwawa yote ya kambamiti yanavuta umeme wa mashine za kutia hewa majini. Nikakujibu, "Siku hizi umekuwa fundi umeme?" Nikachomeka. Transfoma ya mtaa ikazidiwa, ikazima, na kambamiti wa jirani yetu, mzee Khiêm, wamekufa kwa kukosa hewa.

~~Akiuliza, mwambie hujui.~~ Usimdanganye.

Alipita getini na matope hadi magotini, akaniuliza, "Mama Thuỳ, gari lenu halijaharibika?" Nimekwenda kumsaidia kuwaopoa kambamiti, na nitamwambia ukweli huko huko bwawani.

Ulisema kweli, mwanangu.

Mama