Mlangoni mwa Kanisa, Ijumaa ya Kwaresima

Thika, Ijumaa

Mama mpendwa,

Nilifika salama kwa kaka, ila kanisa la huku limenichosha! Leo katekista ametugombeza nusu saa nzima, eti hata mchuzi wa nyama ni dhambi. Wakati huo Mama Njeri, jirani yetu wa huku ambaye mumewe yuko kizuizini, alisimama nje akinyeshewa, maana kwa kuiogopa serikali hakuna aliyekubali kukaa naye benchi moja.

Nikatoka.

"Rudi ndani, mwanangu, watakushuku na wewe," Mama Njeri akaniambia.

"Wacha washuku," nikamjibu, nikamfunika na leso yangu.

Tulisali Njia ya Msalaba pale mlangoni mpaka mwisho. Watu walipotoka, walitupita wakitazama viatu vyao.

Mama, usifunge kupita kiasi na kifua chako hicho. Kunywa uji.

Binti yako,
Rispa