Mkia wa Ufagio

Chamgei, Mama!

Kocha wetu wa mbio hapa Amerika alitupeleka baharini kwa meli kuona nyangumi. Baridi ilishinda ya kule Burnt Forest, nikashikilia chuma cha ukingo wa meli. Ghafla mmoja akazama akiinua mkia, mpana kuliko geti letu! Chini ya mkia kuna mabaka meupe, na kila nyangumi ana yake. Mwanamke anayetembeza wageni alipoyaona tu, akapiga kelele: "Ni Ufagio! Amerudi!" Ndilo jina walilompa nyangumi huyo, kwa mabaka yake yanayofanana na ufagio. Akatokwa na machozi.

Nikakukumbuka pale josho la Chepkoilel, ng'ombe za kila mtu zimechanganyika, na wewe unaita zetu kwa majina ukiwa mbali.

Chakula cha Amerika kimeninenepesha, Mama. Siku nitashuka basi hapo Eldoret, niite jina kabla sijakukaribia.

Mtoto wako,
Kiprono